Kushuka Uvira na Baraka na mtoto wa miaka miwili

Tangu turudi wengi mmetusimamisha njiani, wengine pale sokoni Kadutu, mkiuliza swali moja: mlifikaje Uvira na mtoto mdogo vile? Tumeomba nafasi katika karatasi yetu ya wiki hii tujibu wote mara moja, maana likizo kubwa haijaisha na tunajua wako wanaofikiria kuelekea kusini na watoto wao.

Tulikuwa watatu: baba, mama na kijana wetu wa miaka miwili na miezi mitatu. Sababu ya safari ni koko yake. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukapita katikati ya Uvira, nyumba ya koko ilienda na maji. Kijana wetu alizaliwa hapa Bukavu mwezi mmoja baadaye, wakati wa Covid, na koko hakuweza kuja kumpokea kama alivyowapokea wajukuu wengine. Kwa miaka miwili alimjua kwa simu tu. Halafu mwaka huu macho yake yakaanza kufunga, yote mawili, mtoto wa jicho. Akatuambia: "Mleteni nimwone wakati naona." Neno kama hilo huliwekei siku ya mbali.

Njia ziko mbili, na kila mtu wa Bukavu ana maneno juu yake. Wengi hupitia Rwanda, wanavuka Ruzizi, wanateremka kwa lami mpaka Bugarama, wanaingia tena kwetu Kamanyola. Ni njia nzuri, lakini ina mipaka miwili ya kuvuka, na mtoto naye lazima awe na karatasi zake. Njia ya pili ni yetu wenyewe: Panzi, Nya-Ngezi, milima ya Ngomo, Kamanyola. Hiyo ndiyo barabara ya taifa namba 5, ile inayoendelea kusini mpaka Lubumbashi. Wakati wa mvua hatungethubutu na mtoto. Lakini ilikuwa Agosti, udongo umekauka, na siku mbili mbele tuliwauliza madereva watatu wanaotoka kule, si mmoja, habari za barabara na za usalama. Wote walisema kitu kimoja, basi tukachagua Ngomo.

Kabla ya kuondoka tulibishana na dereva juu ya kiti. Katika hizi hiace mtoto wa umri huo hahesabiwi mtu, anapakatwa. Tulilipa viti vitatu, kwa watu wawili na nusu kama alivyocheka msaidizi wake, na tukakataa kiti cha mbele ingawa tulipewa kwa heshima. Mtoto aliyepakatwa mbele ndiye wa kwanza kugonga kioo gari likifunga breki. Mama, kama pesa ya kiti cha tatu haipo, ngojeni mwezi mwingine. Kwa saa sita za barabara ile, mtoto wa kilo kumi na mbili magotini huwa kama gunia la mihogo.

Sasa Ngomo. Bukavu tunakaa juu, kama meta 1,500 kutoka bahari. Uvira ni chini ya 800. Sehemu kubwa ya mteremko huo unaimaliza pale, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, mahali pengine barabara nyembamba hata magari yanangojana. Chini kabisa unaona Ruzizi unametameta kama uzi, mto ule ule unaotoka ziwa letu na kutupa umeme. Sisi wakubwa tulikuwa tunasali kimya. Kijana alikuwa anahesabu malori, na kwa kuwa anajua hesabu mpaka tatu tu, yote yalikuwa matatu.

Asubuhi hatukumpa maziwa. Tulimpa chai ya rangi isiyo na sukari nyingi na kipande cha mkate mkavu, kwa shauri la jirani mmoja mwenye watoto sita, na lilisaidia. Alitapika mara moja tu. Kila masikio yalipoziba tulimpa kijiti cha muwa afyonze, maana mtoto akimeza mate masikio yanafunguka. Vifuko vya plastiki, kitenge cha kubadilisha, kitambaa kilicholowa maji: viwekeni mkononi, si kwenye mzigo ulio juu ya gari chini ya mbuzi wa watu.

Kamanyola joto linakupokea kama mlango wa jiko. Sweta ilitoka, soksi zikatoka, na kijana akabaki anashangaa mikono yake inayotoa jasho. Jina la mji huu wazee wetu walilisikia sana: hapa mwaka 1964 jeshi la Mobutu lilipigana na waasi darajani, na baadaye jina likapewa kikosi cha jeshi, hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Stade des Martyrs. Kwa kijana wetu Kamanyola ni mahali alipokimbia. Tulimwomba dereva dakika ishirini, akatupa arobaini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na bugali mezani. Mama mmoja muuza ndizi alitupa beseni lake la maji tumwoshe mtoto uso, akakataa pesa, akasema tu tununue ndizi. Tulinunua nyingi kuliko tulizoweza kula.

Kutoka pale ni tambarare: Luvungi, Luberizi, mashamba ya mpunga, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, na upande wa kushoto milima ya Burundi. Mtoto alilala. Ndiyo maana tulipofika Sange sisi tu ndio tuliokuwa macho. Mnakumbuka 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka jioni, watu wakatoka kuchota na wengine wamejaa katika vyumba vya video wakiangalia Kombe la Dunia, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, na watoto wengi. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu mpaka nyumba za mwisho. Mama aliyekaa nyuma yetu alinyosha mkono akamfunika kijana miguu na kitenge, ingawa joto lilikuwa kali.

Kiliba aliamka akaona miwa. Kiwanda cha sukari kilichokuwa kinalisha Kivu nzima kilisimama na vita vya miaka ya 1990, lakini muwa wa kutafuna bado upo. Kisha milima ya Mitumba ikasogea karibu kulia, ziwa likafunguka kushoto, na mtoto akapiga kelele kwa furaha: "Kivu!" Kwake maji yote makubwa ni Kivu. Abiria wote walicheka, na mzee mmoja akamfundisha kwa subira: Ta-nga-nyi-ka. Alishindwa.

Koko alikuwa amesimama mlangoni tangu saa nne, walituambia majirani. Sasa anapanga chumba upande wa juu, mbali na mto. Alinyosha mikono, na kijana wetu, ambaye katika simu humwimbia koko kila Jumapili, akajificha nyuma ya baba yake akalia mpaka sauti ikakauka. Hakumjua. Koko wa simu hana uso wa karibu namna ile, hana macho yenye ukungu, hana mikono inayotafuta. Tulitaka kumsukuma mbele kidogo, kwa adabu, lakini koko mwenyewe alikataza. Alisema, "Mwacheni. Mimi nimengoja miaka miwili, siku mbili ni nini?"

Zilikuwa siku mbili kweli. Siku ya kwanza mtoto alikula upande mwingine wa chumba. Siku ya pili koko aliketi chini kwenye mkeka, akawa anachambua ndagala, anatoa vichwa na kuweka bakulini bila kumwita mtu. Anachambua kwa vidole, maana macho hayatoshi tena. Kijana alisogea. Akachukua mmoja, akasema, "Sambaza." Koko akasema hapana, huyu ni ndagala, ni koko wa sambaza. Wamama, tulifikiri ni masihara, lakini ni kweli. Sambaza wetu wa Bukavu hawakuwa katika Ziwa Kivu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu walichukua aina moja ya ndagala hapa Tanganyika wakawapandisha kwetu, wakazaana. Mtoto hakuelewa habari hiyo, lakini alipenda kazi. Walichambua pamoja mpaka bakuli likajaa, naye kabla ya jioni alikuwa amekaa magotini kwa koko, na koko anampapasa uso polepole, paji, pua, masikio, kama mtu anayesoma barua. Akasema ana masikio ya marehemu babu yake. Hilo hatukuwa tumeliona.

Kuhusu Uvira yenyewe tuseme mambo matatu kwa wenye watoto. Maji: mji huu unajua kipindupindu kwa muda mrefu, kwa hiyo tulichemsha yote, hata ya kuosha biberoni, na bidoni la mtoto halikuchanganywa na la watu wengine. Ufukwe: hapa si Kivu, ambako watoto wetu huoga bila wasiwasi wa wanyama. Tanganyika ina mamba na viboko, na viboko hutoka usiku kula majani hadi karibu na nyumba. Mtoto huko anashikwa mkono, hachezi peke yake majini hata kidogo. Tena maji ya ziwa yamepanda miaka hii, na mahali pengine utaona kuta za nyumba zimesimama ndani yake.

La tatu ni mbu. Bukavu baridi yetu inatusaidia kidogo. Bondeni mbu ni wengine kabisa, na mtoto wa juu hana mazoea nao. Tulibeba chandarua chetu, ile mustikera yenye dawa, na saa kumi na mbili jioni mtoto alivaa mikono mirefu, apende asipende.

Baraka tulienda siku ya tano, na koko akaja nasi kumsalimia dada yake. Ni karibu kilometa 90, barabara inafuata ziwa, unapita Makobola, ambako waliouawa mwishoni mwa 1998 bado wanakumbukwa, halafu Mboko, halafu Lusenda ya wakimbizi wa Burundi. Mito ni mingi na vumbi ni jingi. Kwa mtoto ilikuwa njia rahisi kuliko Ngomo, kwa mgongo wa koko ilikuwa ngumu. Mji wa Baraka una rasi ya Ubwari mbele yake kama mkono uliokunjwa, mawese mazuri, na Waswahili wa huko wanaongea kwa mwendo ambao sisi wa Bukavu tunausikia kama wimbo. Tulilala usiku mmoja. Dada wawili wazee waliongea mpaka jogoo, mtoto akiwa katikati yao chini ya chandarua.

Tulirudi Bukavu siku ya nane. Hapa ndipo tunaomba msome polepole. Siku ya tatu baada ya kufika nyumbani, kijana alichemka. Jirani walisema ni baridi, amebadilisha hewa. Mwingine akasema ni meno. Malaria haitoki siku mbu anapouma. Inakaa mwilini wiki moja, hata mbili au zaidi, ndipo homa inaonekana, na wakati huo mmekwisha kurudi juu na kusahau bonde. Tulimpeleka kituo cha afya asubuhi ile ile, na neno la kwanza tulilomwambia muuguzi ni kwamba mtoto alikuwa Uvira. Akamchoma kidole. Ilikuwa malaria. Pamoja na chandarua, pamoja na mikono mirefu. Kwa kuwa ilikamatwa mapema alikunywa dawa nyumbani, zote mpaka ya mwisho, na siku ya nne alikuwa anapanda juu ya meza.

Koko tulimwambia baada ya kupona. Alinyamaza kwenye simu, halafu akauliza kama tutaogopa kumleta tena. Tukasema tutamleta, likizo ijayo, wakati wa kiangazi. Lakini kwanza yeye ndiye atakayepanda Bukavu, macho yake yatazamwe na daktari. Amekubali baada ya miezi ya kubembelezwa. Ameweka sharti moja, kwamba akae kiti cha mbele. Bado tunabishana naye.