Kalenda ya Dripu na Kalenda ya Ofisi

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Jana nilikuuliza dripu ya kwanza imekwendaje, ukanijibu, "Salama shangazi, Jumatatu narudi ofisini, kuna ritani za VAT." Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Mimi nilipougua saratani ya titi nilikuwa keshia, na kazini sikumwambia mtu. Ijumaa natundikiwa dawa, Jumatatu niko dirishani, kilemba kimeficha upara. Dawa za awamu ya pili zikanitia ganzi vidoleni. Noti mbili mpya zikigandana, kinachojua ni kidole, jicho halioni. Changu kikawa hakijui tena. Jioni moja droo ikapungua, wiki iliyofuata ikapungua tena. Nikaandikiwa barua ya kujieleza, na hata hapo nikashindwa kutamka kwamba naumwa. Nikakatwa mshahara. Niliona afadhali nidhaniwe mwizi kuliko kujulikana mgonjwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko kovu lenyewe.

Wewe usifike huko. Chukua kalenda ya ukutani. Umepangiwa dripu sita pale hospitali ya Ocean Road, siku 21 kutoka moja hadi nyingine. Zizungushie duara zote leo. Kisha tia alama tarehe 7, siku ya PAYE, na tarehe 20, siku ya VAT. Utaona zinapogongana. Hizo ndizo tarehe za kumtafutia mtu wa kukushikia kazi, na umfundishe sasa ungali na nguvu, asije akakupigia simu umeinamia ndoo.

Tena usidanganywe na siku ya nane ya kila dripu. Siku za mwanzo chakula kitakuwa na ladha ya chuma mdomoni. Kichefuchefu kikiondoka utajiona umepona, utataka kupanda mwendokasi na wenzako. Kumbe kwa wengi wetu chembe nyeupe za damu hushuka kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na kinga huwa dhaifu mno. Homa ikifika 38 siku hizo, usimeze panadol ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo.

Kuhusu mshahara, najua ndicho kinachokukosesha usingizi. Uko kampuni binafsi, kwa hiyo sheria yako ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mhasibu ni wewe, lakini nimekupigia hesabu: siku kumi kwa kila dripu, mara sita, ni 60. Zote zinaingia kwenye mshahara kamili, kama hukuwa umetumia nyingine. Upasuaji ukifuata, hapo nusu mshahara itakugusa, basi anza kuweka akiba kidogo. Na kila mara peleka cheti cha daktari, ubaki na nakala. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa. Siku ya 11 hadi ya 14 omba ufanyie kazi nyumbani. Hilo halimo kwenye sheria, ni la kuelewana.

Mwendee bosi wako mwenyewe kabla hajalisikia kwa watu. Si lazima umsimulie ugonjwa wote. Mwekee kalenda mezani, mwonyeshe siku ambazo hutakuwepo, nani atashika nini, na kazi gani utaendelea nayo. Bakiza moja unayoipenda, maana kukaa ndani bila shughuli nako kunamaliza mtu. Usiahidi kurudi kama zamani tarehe fulani, wala usiombe radhi. Ukilia mbele yake, lia, kisha umalizie maneno yako.

Ijumaa nitashuka stendi ya Mbezi na machungwa ya Muheza. Usije kunipokea, nimehesabu, itakuwa siku yako ya tisa na stendi ile imejaa watu. Mwachie jirani ufunguo, nitaingia mwenyewe, na hiyo kalenda niikute imetundikwa.

Shangazi yako