Piganisha

Usiku mmoja nyumbani Golf umeme ulikatika, nami nikatumia chaji iliyobaki ya kompyuta kucheza na Haskell. Kila kiambishi cha unyambulishaji nilikiandika kama funksheni: inapokea shina, inarudisha shina. Pig, pigan, piganish. Ukigeuza mpangilio, unapata pigishan. Haskell huanza na funksheni ya kulia, kinyume na viambishi vyetu. Hilo lilinizungusha saa nzima, na nililifurahia.

Nikamsomea mama matokeo.

"Pigishana? Ile haiko Kiswahili."

"Na piganisha, mama?"

Aliwatazama wadogo zangu wawili, waliokuwa hawajasemezana tangu Jumapili.

"Ile njo ulifanyaka badogo yako."

Nikafunga kompyuta, chaji ikiwa bado ipo.