Kazi ya Zamu Inaishia Wapi?



Huku kwetu Kolwezi, njia nyingi zinapita kando ya waya ya kampuni fulani. Penye waya kuna bariera, na penye bariera kuna zamu. Kazi yake ni ya heshima. Anakesha kwa baridi wakati sisi tunalala. Tangu wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kazi katika 2003 na 2004, jamaa nyingi zinakula kwa mshahara mdogo wa kijana mmoja mwenye kuvaa nguo ya zamu. Kwa hiyo siandiki ili kuwachekelea.

Lakini sikilizeni lililompata mjane mmoja wa kartiye yetu. Alikuwa anatoka shambani na beseni ya mihogo kichwani. Alipita njia ambayo watu waliipita mbele ya waya kuwekwa. Mazamu wawili wakamsimamisha: "Mama, tosha vyote, tuone kama hauna mawe!" Mihogo ikamwangwa chini. Hawakuona hata jiwe moja. Wakasema: "Ulipita mu kampuni, utalipa franka 5,000." Alipokataa, mmoja akamsukuma akaanguka. Wakamfungia katika kibanda chao mpaka saa kumi, mtoto wake alipoleta pesa. Na yule aliyemsukuma amekomaa pamoja na watoto wake, tangu utoto anamwita mama.

Je, zamu ana ruhusa ya kufanya hivi? Hapana. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu 16, inakataza kumtendea mtu kwa ukatili ao kumvunjia heshima. Kifungu 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu yake, katika luga anayoisikia. Zamu si polisi, wala si tribinali. Akimkuta mwizi palepale penye wizi, ampeleke upesi kwa wakubwa wa serikali walio karibu. Kibanda cha bariera si gereza, na faini anayoitia mfukoni si faini, ni wizi.

Wengine watasema: "Pasta, wezi ni wengi, na kitu kikipotea zamu ndiye wa kwanza kuulizwa." Ni kweli. Tena mshahara hautoshi. Lakini askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3:14), alizungumza juu ya mambo haya haya: pesa ya nguvu, mashtaki ya uongo, na mshahara. Njaa ya zamu haiponi kwa mihogo ya mjane.

Kesho yake tulienda kwa ofisi ya mazamu: yule mama, shefu wa kartiye, majirani wawili walioona, na mimi. Tulikuwa na siku, saa, jina la bariera na namba iliyo juu ya nguo ya zamu. Mkubwa wao alianza kusema mama ni mwizi. Majirani waliposema waliyoyaona, akanyamaza. Siku ya tatu pesa ikarudishwa, na yule kijana akapelekwa bariera ingine. Lakini hakuna aliyemwomba mama samahani. Mpaka leo anazunguka kwa njia ndefu, saa moja zaidi, na beseni kichwani.

Basi, jambo kama hili likikupata, usiitie vijana kutupa mawe, sababu damu itamwangika bure. Andika siku, saa na mahali. Tafuta walioona. Usiende peke yako, uende na shefu wa kartiye.

Na wewe mzazi wa zamu, mtoto akileta pesa nyumbani katikati ya mwezi, mwulize imetoka wapi mbele ya kuipeleka sokoni.

Na wewe kijana wa bariera: kampuni inaweza kufunga kesho ikaenda zake. Siku ile utavua nguo yake na kurudi kartiye, na huyu mama atakuwa angali jirani yako.