KUOMBA, KUULIZA NA KUDAI



Sisi wa mwaka wa mwisho tunataka kusema juu ya kitenzi kimoja cha Kifaransa: demander. Kila siku iko mu midomo yetu. Lakini Kiswahili kinaigawanya mara mbili: kuuliza na kuomba. Na sisi, juu tunasoma Kifaransa asubuhi mpaka saa saba, tunarudisha nyumbani Kiswahili chenye kupinda. Mwanafunzi anasema: «Nimekuja kukuuliza kalamu.» Kalamu haiulizwi! Kalamu haiko na kinywa cha kujibu. Kalamu inaombwa.

Tuangalie mfano. «Il m'a demandé l'heure»: aliniuliza saa. «Il m'a demandé une heure»: aliniomba saa moja. Yule wa kwanza unamwambia tu kwamba ni saa nne, anaenda zake. Yule wa pili anakaa na wewe mpaka saa tano!

Basi, namna ya kupambanua ni hii: tusiangalie yule anayesema, tuangalie kile mwenzake atatoa. Akitoa jibu, ilikuwa kuuliza. Akitoa kitu, ruhusa ao musaada, ilikuwa kuomba. Tena, mwenye kuombwa anaweza kukataa, wala hakuna kosa.

Iko ndugu wa tatu: kudai. Mwenye kudai anataka kile kilicho haki yake, na mwenye kudaiwa hana ruhusa ya kukataa. Hapa Kiingereza kinatutega. Demand ya Waingereza inafanana na demander, lakini maana yake ni kudai. Ukienda kwa Mwingereza na kumwambia «I demand a pen», atafikiri uliisha kumukopesha kalamu!

Wengine wanasema Kifaransa ni tajiri na Kiswahili ni maskini. Hapa sivyo. Guinea ya Ikweta ni inchi ya Afrika ya Kati kama yetu, na huko lugha moja ya serikali ni Kihispania. Wao wanasema preguntar kwa kuuliza, na pedir kwa kuomba. Mahali hapa mtu wa Malabo na mtu wa Goma wanasikilizana vizuri kuliko wote wawili na mtu wa Paris.

Ndugu, hii si mchezo wa maneno tu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa mitaa 10 ya mji watoke. Wengi wetu tulikimbilia Sake pamoja na wazazi, tulikuwa wadogo bado. Mama mmoja alikuja mbele ya wenye kuandika majina. Kijana mwenye kutafsiri akasema: «Elle demande pour son enfant.» Wakamupanga mu mustari ya blanketi. Alipopewa blanketi hakuondoka. Alisimama nayo mikononi, akalia: «Niko naulizia mtoto yangu, siko naomba kitu!» Mtoto alikuwa amepotea njiani. Ndipo mtu mwingine alisikia vizuri, akamupeleka kwa wenye kutafuta watoto. Wote walikuwa na moyo mwema. Kitenzi kimoja kilimuchelewesha mama yule nusu ya siku.

Na mu kalasi zetu? Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanaogopa kuuliza. Wanainama kama mtu anayeomba mkate. Lakini kuuliza si ujinga, wala si kuombaomba. Wengine tena, wakitaka ruhusa ya kutoka, wanasimama kama wenye kudai deni. Heshima inapotea pande zote mbili.

Tufungue Injili ya Luka. Mu sura ya 2, Yesu akiwa na miaka 12 anakaa hekaluni kati ya walimu, anasikiliza na anauliza. Mu sura ya 22, kwenye mlima wa Mizeituni, anapiga magoti na anaomba, naye anakubali kwamba Baba anaweza kukataa. Mu sura ya 18, mjane anarudi kwa hakimu mara kwa mara, anadai haki yake mpaka hakimu anachoka. Vitenzi vyote vitatu viko mu kitabu kimoja, na hakuna hata kimoja chenye haya. Haya inakuja tukivichanganya.

Basi wadogo wetu, muulize walimu bila woga, kwa sababu mtihani wa Serikali hautawahurumia wenye kunyamaza. Muombe kwa unyenyekevu. Na siku mtakapodai, muwe na hakika kwamba kitu ni chenu kweli.