Nyota Inayopumua Katika Kadi 54

Zipo nyota ambazo hazitulii. Hutanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyelala, na mwanga wao hupanda na kushuka. Mashuhuri miongoni mwao ni Delta Cephei, ambayo huku kwetu huonekana chini upande wa kaskazini, jioni za Oktoba na Novemba. Mzunguko wake mmoja huchukua siku 5, saa 8 na dakika 47 hivi.

Aliyeigundua tabia hiyo mwaka 1784 ni John Goodricke wa York, Uingereza, kijana kiziwi, aliyefariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 21. Nakuomba, ndugu msomaji, usilipite haraka neno hilo kiziwi, maana ndilo lililonitia kazini. Mjukuu wangu hasikii. Lugha ya alama niijuayo yatosha kuomba chai na kuuliza habari za shule. Haitoshi kueleza nyota. Nikaazimia kumtengenezea picha zinazotembea: kadi za manila zenye duara moja moja, ukizipekua kwa kidole gumba nyota inapumua.

Kuchora duara si kazi. Kazi ni kujua liwe kubwa kiasi gani, na la rangi gani, kadi hadi kadi. Picha za namna hiyo zimejaa kwenye intaneti. Mama yake alinifungulia kadhaa. Zile nilizoziona ziliivimbisha nyota kama puto, na zikaifanya ing'ae kupita kiasi pale inapokuwa kubwa kabisa. Yote mawili si kweli. Mtoto anayesikia aweza kuambiwa, "Huo ni mfano tu." Kwa huyu wangu, anachokiona ndicho somo lenyewe.

Basi nikatafuta takwimu. Za mwanga zilipatikana upesi: chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, kilichoanzishwa mwaka 1911, hutoa bure makadirio ya watu wa nchi nyingi. Hayalingani, kwa kuwa macho ya watu hayalingani. Lakini kila tarehe ukiitoa mizunguko kamili, ukayapanga yote katika mzunguko mmoja, mstari hujitokeza wenyewe. Nyota hupanda kwa siku moja na nusu hivi, ikashuka polepole kwa takriban siku nne. Mwanga wake wa juu ni zaidi ya mara mbili ya ule wa chini.

Ukubwa ndio ulionisumbua, maana katika darubini ya kawaida nyota ni nukta tu. Wataalamu hupima kasi. Uso wa nyota unapotujia, mistari ya spektra yake husogea upande wa buluu. Unapotuacha, upande wa nyekundu. Kasi ukiizidisha kwa muda unapata umbali, hesabu ya darasa la saba hiyo, ingawa wao huongeza sahihisho dogo kwa sababu nyota ni tufe. Nilijumlisha hatua hizo usiku mzima. Kipenyo hubadilika kwa karibu sehemu moja ya kumi tu! Duara langu la sentimita 10 lilipaswa kuongezeka sentimita moja hivi.

Tena nyota hung'aa zaidi ingali inatanuka kwa kasi, uso wake ukiwa na joto kali; ikifikia upeo wa ukubwa, tayari inafifia na kuzidi umanjano. Chanzo kipo ndani, katika tabaka la heliamu. Likibanwa huzuia mwanga kutoka, mgandamizo hukua, tabaka husukumwa nje. Likishatanuka hupitisha mwanga, kisha hushuka tena. Ni mfuniko wa sufuria ya maharage.

Nilichora kadi 54, kila moja sehemu ya kumi ya siku. Penseli ya manjano ilibaki kipisi. Kijana alizipekua mara tatu, kisha akarudi nyuma moja moja. Akaitoa kadi ya duara kubwa kabisa, akakunja uso, akafanya ishara ya taa inayofifia, na ya swali. Jibu lake sikuwa na mikono ya kulisema, kwa hiyo nilikwenda jikoni nikaleta sufuria.