Lawrence, kwa Kocha Aliyefungwa Zaidi

Nilikuwa nimeambiwa kwamba Kansas ni tambarare tupu. Kweli, ukitoka Kansas City kuelekea magharibi unaona mashamba hadi macho yanachoka, lakini Lawrence ina kilima chake, Mount Oread, na juu ya kilima hicho ndipo kilipo chuo kikuu. Mpwa wangu anayesoma hapo alinipokea kituoni, tukateremka hadi Naismith Drive.

Mwenye jina la barabara hiyo ndiye aliyenileta. James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alibuni mpira wa kikapu Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts. Mechi ya kwanza walicheza tisa kwa tisa, na mpira ukaingia kikapuni mara moja tu. Mwaka 1898, akiwa ameshahitimu udaktari, alihamia Kansas kusimamia ibada za chuo na kufundisha mazoezi ya viungo. Ukocha ulikuwa nyongeza ya kazi.

"Kwa hiyo mwenye mchezo alikuwa akifungwa?" niliuliza tulipoukaribia uwanja wa Allen Fieldhouse.

"Mjomba, punguza sauti. Hapa watu wanaujua mpira."

Wanaujua, na takwimu zake pia wanazijua: hadi anaacha mwaka 1907, Naismith alishinda mechi 55 na kupoteza 60. Makocha wengine wote wa timu ya wanaume ya chuo hiki wameshinda nyingi kuliko walizopoteza. Uwanja wenyewe umepewa jina la Phog Allen, mchezaji wake aliyemrithi na kuugeuza ukocha kuwa kazi ya maisha.

Jengo la DeBruce, lililoungana na uwanja huo, ndilo linalohifadhi karatasi mbili za kanuni 13 za mwanzo. David Booth, aliyesoma hapa, alizinunua mnadani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4. Nilizikawilia kuliko vikombe vyote. Kukimbia na mpira mkononi hakuruhusiwi. Kusukumana, kukamatana na kupigana ngwala, vivyo hivyo. Waamuzi wamewekewa kanuni zao: mmoja awatazame wachezaji na kuhesabu faulo, mwingine autazame mpira na kushika saa. Kocha hatajwi popote. Basi sikushangaa kwamba kocha huyu alizichezesha baadhi ya mechi yeye mwenyewe, filimbi mkononi. Kwake mchezo ulikuwa wa kujenga mwili na tabia, na kwa maoni yangu wanaompima kwa zile 60 wanatumia mizani isiyo yake.

Mizani yake ni John McLendon. Kijana huyu alijiunga na chuo mwaka 1933, na kwa kuwa alikuwa Mweusi hakuruhusiwa kuchezea timu, katika mji ulioanzishwa na wapinga utumwa! Naismith, aliyekuwa bado anafundisha, alimchukua chini ya uangalizi wake akamsomesha kazi. McLendon akaja kuipa Tennessee A&I ubingwa wa kitaifa wa NAIA mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959. Ukumbi wa heshima wa mchezo huu, wenye jina la Naismith, ulimwingiza mwaka 1979 kwa mchango wake kwa jumla. Kama kocha, alisubiri hadi 2016, miaka 17 baada ya kufa.