Mzee anataka kukimbilia Tanga

Najua wengi mko bize na UE, hata mimi nilitakiwa niwe na notsi za takwimu saa hizi, ila wiki nzima kichwa kiko kwenye hesabu za mzee.

Mzee wangu ni mwalimu wa serikali hapa Dar. Mwakani anafikisha miaka 55, umri ambao sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari badala ya kungoja 60. Kasema basi, kachoka na kuamka saa kumi alfajiri na foleni ya Mbagala. Anataka Tanga. Sio Moro, ingawa tangu 2024 treni ya umeme inafika kule chini ya masaa mawili. Tanga tu: bahari ipo, hospitali ya Bombo ipo, samaki wapo, na mtu unaimaliza Ngamiani yote kwa baiskeli.

Basi kanikabidhi kikokotoo, si mnajua msomi wa familia ndo mhasibu. Fomula ya tangu Julai 2022 iko hivi: miezi uliyochangia gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Yeye ana miezi 360, na wastani ni 1,200,000 kwa mwezi. Mkupuo unazidisha tena kwa 12.5, unachukua asilimia 40, kiwango walichopandishiwa 2024 wale ambao zamani walipata 50. Inakuja kama milioni 44.7, halafu pensheni kama 447,000 kwa mwezi. Akivumilia mpaka 60 kwa mshahara uleule, mkupuo ni milioni 52 na pensheni 521,000.

Kwa hiyo pensheni yenyewe haitishi. Kinachouma ni ile miaka mitano katikati: kila mwezi anakosa kama 750,000, jumla milioni 45 kabla ya makato. Yaani mkupuo wote unaishia kuziba mshahara alioacha! Na mdogo wangu yuko form two.

Mama naye hataki kusikia. Genge lake lina wateja wa miaka 15, Tanga aanze upya na nani? Mzee anasema nyumba tutapangisha. Nikamuuliza, baba, mpangaji akigoma kulipa nani atamfuata, mimi wa hosteli? Akacheka tu.

Ila kuna kitu hakimo kwenye fomula. Babu alingoja mpaka 60, akafariki miaka miwili baadaye, banda lake la kuku halijaezekwa. Mzee halisemi hilo, lakini najua.

Nimemshauri likizo ya Juni waende Tanga na mama, wapange chumba, waishi mwezi mzima kwa 447,000 tu. Ikitosha, na mama akiridhika, aandike barua. Mimi wasinitegemee sana, nikipata kazi Bodi ya Mikopo inaanza na asilimia 15 yake.

Nyie angekuwa mzee wenu mngemwambiaje?